Gari linagoma kuwaka: zungusha ufunguo mara moja, kisha sikiliza

Gari likigoma kuwaka, wengi wetu huzungusha ufunguo tena na tena, kila mara kwa nguvu zaidi, kana kwamba ufunguo ndio unaoisukuma injini. Baada ya dakika tano za namna hiyo, betri iliyokuwa nzima huwa imechoka, na tatizo moja limekuwa mawili. Mwongozo huu unahusu hasa magari madogo ya petroli yaliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu Tanzania, kama vile Toyota IST, Vitz, Probox na Corolla, ingawa sehemu kubwa ya maelezo yake inafaa kwa gari lolote la petroli. Magari ya dizeli na ya haibridi nimeyagusa kwa ufupi kuelekea mwisho.

Ili injini iwake inahitaji umeme wa kutosha kuizungusha, mafuta yanayofika kwenye silinda pamoja na hewa, na cheche inayopigwa kwa wakati wake. Sauti inayotoka unapozungusha ufunguo ndiyo inayokueleza ni kipi kati ya hivyo kimekosekana, kwa hiyo zima redio na feni ya kiyoyozi, waombe abiria wanyamaze, kisha zungusha mara moja tu. Utasikia kimya kitupu, au mlio wa haraka wa tik-tik-tik, au mlio mmoja mzito wa "tak", au stata (mota ndogo inayoizungusha injini ili iwake) ikizunguka kwa kujivuta, au stata ikizunguka vizuri kama siku zote bila injini kushika. Kila jibu lina njia yake, na anayeanza kubadilisha vifaa kabla ya kulisikia jibu hilo anabahatisha kwa fedha zake mwenyewe.

Mambo ya dakika moja

Kabla ya kufungua boneti, hakikisha kwamba gari lenyewe linakuruhusu kuliwasha. Gari la otomatiki halipigi stata ikiwa mkono wa gia hauko kwenye P au N, na swichi inayotambua nafasi hiyo ikichakaa, gari hukaa kimya hata mkono ukiwa kwenye P. Kanyaga breki, peleka mkono kwenye N na ujaribu tena. Likiwaka hapo, ama mkono ulikuwa haujafika mwisho ama swichi hiyo imeanza kuchoka, na unaweza kuendelea na safari ukamtafuta fundi kwa nafasi yako. Magari mengi ya gia za mkono ya miaka ya karibuni nayo hudai klachi ikanyagwe hadi chini, na zulia lililojikunja chini ya pedeli linatosha kuizuia isifike.

Ufunguo usipozunguka kabisa, usiulazimishe kwa koleo, kwa kuwa huenda ni usukani uliojifunga huku magurudumu yakiwa yameegemea ukingo wa barabara. Utikise usukani taratibu kulia na kushoto kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukizungusha ufunguo, nao utaachia. Kwa magari ya kitufe, betri ya rimoti iliyokwisha hulifanya gari lisikutambue. Katika Toyota nyingi inatosha kukanyaga breki, kuigusanisha rimoti na kitufe, kisha kubonyeza, kwa sababu kijidude cha utambulisho kilichomo ndani ya rimoti hakiitegemei betri hiyo.

Tik-tik-tik, au stata inayojivuta

Mlio wa haraka wa tik-tik-tik, au stata inayozunguka kwa uzito kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni, karibu kila mara ni dalili ya umeme usiotosha. Nasema umeme usiotosha na si betri mbovu, kwa sababu umeme unaweza kuwa umejaa ndani ya betri na bado usifike kwenye stata, ambayo huhitaji ampea mia na zaidi kwa sekunde chache. Taa za dashibodi, ambazo wengi huziamini, zinahitaji ampea chache sana. Kuwaka kwake hakuthibitishi kwamba betri ni nzima.

Anza na vishikio vya nyaya kwenye ncha za betri. Shika kimoja kimoja na ujaribu kukizungusha kwa mkono bila spana. Kikicheza hata kidogo, huenda umeshapata kosa. Si mara moja nimekuta msumari au kipande cha bati la kopo kimepachikwa kati ya kishikio na ncha, kwa sababu betri mpya ilikuwa na ncha nyembamba kuliko ile iliyotolewa. Kibati hicho husaidia kwa wiki kadhaa, kisha hushika kutu na kuwa kizuizi. Angalia pia unga mweupe au wa rangi ya samawati unaoota kwenye ncha: huo nao huzuia umeme, na una asidi, kwa hiyo usiuguse halafu ukajifuta macho. Kwa Toyota nyingi spana namba 10 inatosha. Fungua hasi kwanza na chanya baadaye, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche itakayoruka si ya mchezo. Mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Maji ya moto yanatosha. Magadi makali ya kutengenezea sabuni (caustic soda) yasikaribie kazi hii, kwani yanaunguza ngozi kama asidi yenyewe.

Ikiwa vishikio ni safi na vimekaza, pima betri. Multimita (kifaa cha kupimia umeme) ya bei nafuu kutoka duka la vifaa vya umeme inafaa kabisa. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Na ikishuka chini ya 12, usitarajie iwashe injini. Hata hivyo, kipimo cha betri ikiwa imetulia hakitoshi, kwa kuwa betri iliyochoka ndani inaweza kuonyesha 12.5 asubuhi na kuporomoka mara stata inapoidai umeme. Mwache mwenzako apige stata huku macho yako yakiwa kwenye multimita: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, na ulikuwa umeichaji, betri hiyo imefika mwisho wake.

Asiyekuwa na multimita anaweza kutumia taa kubwa. Elekeza gari ukutani au subiri giza liingie, washa taa, kisha piga stata. Taa zikififia hadi karibu kuzimika, umeme hautoshi au unazuiliwa njiani. Zikibaki zinang'aa vilevile na stata iko kimya, umeme upo, ila amri ya kuwasha haifiki kwenye stata au stata yenyewe haipokei. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ukimweleza fundi matokeo yake kwa simu, ataujua mzigo wa kazi kabla hajaondoka gereji.

Betri hufa kwa sababu nyingi, lakini kwetu pwani joto ndilo linaloongoza, kwani huziharibu sahani za risasi zilizomo ndani haraka kuliko baridi inavyofanya. Betri ya miaka mitatu Dar es Salaam au Tanga ni mzee. Foleni nayo huchangia: gari linaposimama kwa saa moja likiwa na kiyoyozi, taa na redio, oltaneta (jenereta inayoichaji betri injini ikiwa imewaka) huzunguka polepole na kutoa umeme mdogo, hivyo betri hurudi nyumbani ikiwa haijajaa. Kisha kuna vifaa tulivyoviongeza wenyewe, yaani alamu, kifuatilia gari na redio kubwa, ambavyo vikifungwa vibaya hunyonya umeme usiku kucha. Gari lililozimwa na kutulia kwa kawaida halitumii zaidi ya miliampea 50 hivi. Likitumia nusu ampea, siku tatu za kuegeshwa zinatosha kulifanya lisiwake.

Kubusti bila kuharibu

Kubusti ni kuazima umeme wa gari lingine kwa nyaya mbili nene zenye vibanio, na ni jambo rahisi ambalo hufanywa vibaya kila siku. Swali la kwanza si kama nyaya zipo, bali ni gari gani linalotoa msaada. Malori mengi, yakiwamo Fuso, pamoja na mabasi makubwa hutumia mfumo wa volti 24, na gari lako dogo ni la volti 12. Dereva wa lori atakusaidia kwa moyo mweupe na kuunguza kontroli boksi yako (kompyuta ya injini) kwa sekunde moja. Tafuta gari dogo mwenzio.

Magari yote mawili yakiwa yamezimwa na hayagusani, funga kibanio chekundu kwenye ncha ya chanya ya betri iliyokufa, kisha mwisho wa pili wa waya huo kwenye chanya ya betri nzima. Kibanio cheusi kifungwe kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake wa pili usiende kwenye betri iliyokufa, bali kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Sababu yake ni kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni, na kiungo cha mwisho ndicho kinachorusha cheche. Hutaki cheche hiyo iruke juu ya betri. Washa gari linalosaidia, liache lingurume kwa dakika tano, kisha piga stata ya gari lako. Likiwaka, ondoa nyaya kwa kufuata mpangilio uleule kinyumenyume.

Kusukuma ni kwa magari ya gia za mkono peke yake: ufunguo kwenye ON, gia ya pili, klachi chini, na mwendo ukishapatikana, achia klachi ghafla kisha uikanyage tena. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa hata mtaa mzima ukijitokeza, kwa sababu injini na magurudumu havijaunganishwa moja kwa moja.

Gari likishawaka kwa kubusti, pima volti kwenye betri huku injini ikinguruma. Kipimo kati ya 13.8 na 14.5 maana yake oltaneta inachaji, na lawama inabaki kwa betri au kwa kitu kilichoachwa kimewaka. Kipimo kikiwa 12 na kinaendelea kushuka, usinunue betri mpya, kwa sababu nayo itakufa jioni. Angalia mkanda wa oltaneta, kisha kaboni zake, yaani vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya mafundi wetu bado wanalifanya: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa imewaka ili kuona kama itazimika. Katika gari la zamani la kabureta jambo hilo lilikuwa na maana fulani. Katika gari lenye kompyuta, betri ndiyo inayotuliza umeme wa oltaneta, na ukiitoa, volti zinaweza kupanda ghafla na kuunguza kontroli boksi. Fundi akinyoosha mkono kuelekea kishikio cha betri huku injini inanguruma, mzuie.

"Tak" moja, au kimya kitupu

Mlio mmoja mzito usiofuatwa na kitu chochote, huku taa zikibaki na mwanga wake, mara nyingi hutoka kwa stata. Ndani yake kuna kaboni zinazochakaa na vipande vya shaba vinavyoliwa kidogo kidogo kila unapowasha gari. Vuta handibreki, weka mkono wa gia kwenye P, kisha mtu mmoja azungushe ufunguo huku mwingine akigonga bodi ya stata taratibu kwa kipini cha nyundo. Likiwaka, stata inahitaji kufunguliwa, na hapo uliza bei ya kubadilisha kaboni na shaba hizo kabla hujauziwa stata nzima ya mtumba ambayo umri wake huujui.

Lakini stata husingiziwa pia. Corolla niliyokuwa nayo zamani ilianza kutoa "tak" hiyo asubuhi, kwanza mara moja kwa wiki, baadaye kila siku. Fundi wa karibu akasema stata imekufa. Nikaenda Kariakoo, nikanunua iliyotumika, ikafungwa, na siku ya tatu gari likagoma vilevile. Fundi umeme mwingine, mzee mwenye multimita iliyopasuka kioo, hakugusa stata hata kidogo. Aliweka kidole kimoja cha multimita kwenye ncha ya hasi ya betri na kingine kwenye chuma cha injini, akasema, "Haya mwanangu, piga." Namba ikaruka hadi zaidi ya volti nne. Kati ya sehemu hizo mbili, stata inapopigwa, haifai kuonekana hata nusu volti. Volti nne zilikuwa zinapotelea njiani. Alivuta waya wa hasi uliokwenda kwenye gia boksi, akaukata plastiki kwa wembe, na ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Waya mpya na saa moja ya kazi, basi. Stata ya zamani ilikuwa nzima.

Kimya kitupu, bila hata "tak", huku dashibodi ikiwaka vizuri, kinaelekeza kwenye njia ya amri: swichi ya gia niliyoieleza juu, swichi ya ufunguo, rilei ya stata (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au fyuzi. Chini ya kifuniko cha kasha la fyuzi kuna mchoro; katika Toyota tafuta zilizoandikwa ST, AM2 na IGN. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe na ya ampea zilezile. Kuzungushia waya au karatasi ya sigara ni kuihamisha hitilafu kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye nyaya za gari zima.

Stata inazunguka, injini haishiki

Hapa betri na stata zimeshafanya kazi yake, na kuendelea kuzipiga ni kuzionea. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, na ipumzishe nusu dakika kabla ya kurudia.

Anza na mafuta, na usione haya kuanza na tanki. Geji za magari yaliyozeeka hudanganya, na gari lililoegeshwa kwenye mteremko likiwa na mafuta kidogo linaweza kuinyima pampu kile kilichobaki. Mimina lita tano, kisha ujaribu. Tabia yetu ya kuweka mafuta ya elfu kumi kila siku ina gharama nyingine isiyoonekana: pampu hukaa ndani ya tanki na hupozwa na mafuta yenyewe, hivyo tanki linaloishi kwenye taa ya akiba huichosha pampu mapema.

Ili kujua kama pampu inafanya kazi, zungusha ufunguo hadi ON bila kupiga stata, na usikilize kwenye kiti cha nyuma kama kuna mvumo mdogo wa sekunde mbili. Ukiusikia, pampu inapata umeme. Usipousikia, usihukumu haraka, kwa sababu katika Toyota nyingi za zamani pampu huanza tu pale stata inapozunguka. Mtu mmoja alale sikio kwenye kiti huku mwingine akipiga. Pampu ikiwa kimya wakati wote, angalia fyuzi iliyoandikwa EFI, kisha badilishana rilei ya pampu na ya honi ikiwa zina namba zilezile. Pampu iliyokwama huweza kushtuka kwa kugonga chini ya tanki kwa ngumi au kwa sandali, lakini huo ni msaada wa kukufikisha gereji, si matengenezo.

Gari likigoma kilomita chache baada ya kujaza mafuta, mashaka yaende kwenye mafuta yenyewe. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa umeenea hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza mwaka 2010 kuweka vinasaba (kemikali za alama) kwenye mafuta ili kuugundua, ila maji yanayoingia kwenye matanki ya kituo wakati wa masika ni jambo jingine. Chota kidogo kwenye chupa ya plastiki angavu na uiache itulie: maji huzama chini ya petroli, na mstari kati yake huonekana wazi. Tunza stakabadhi ya kituo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao huonekana sana siku ya kuosha magari. Gari linawashwa, linasogezwa mita tatu, linazimwa. Baadaye haliwaki, na kuna harufu kali ya petroli. Injini ya baridi hupewa petroli nyingi, na ikizimwa kabla ya kupata joto, plagi zinazopiga cheche hulowa. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho na uishikilie hapo huku ukipiga stata kwa sekunde kumi. Katika magari ya sindano za mafuta, kompyuta huelewa kwamba unataka kukausha silinda na hukata mafuta. Injini ikianza kukohoa, achia pedeli taratibu.

Cheche huchunguzwa kwa tahadhari, kwa kuwa umeme wa plagi ni maelfu ya volti. Katika injini kama ya IST kila plagi ina koili yake (kifaa kinachopandisha volti ili cheche iruke), na hilo linafuta dhana moja iliyozoeleka: koili moja ikifa, gari huwaka na kutetemeka, halikatai kabisa. Kwa hiyo fundi akikuambia ununue koili moja kwa gari lisilowaka hata kidogo, mwombe akueleze zile nyingine tatu zinafanya nini. Kinachoweza kuzima cheche zote kwa pamoja ni sensa ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Dalili yake ni ya kipekee: gari huzimika likiwa na joto, hukataa kuwaka kwa nusu saa, kisha huwaka kana kwamba hakikutokea kitu. Kifaa cha kusomea makosa ya kompyuta kinaweza kuonyesha msimbo wa P0335.

Angalia pia taa ndogo ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikiendelea kumetameta ufunguo ukiwa ON, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa akiba, na utenganishe ufunguo na funguo nyingine ulizozifunga pamoja. Na ikiwa stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa sauti nyororo isiyo na mapigo, acha mara moja. Katika injini zenye mkanda wa taimingi, kama zile za Carina na Corolla za miaka ya 1990, sauti hiyo huashiria mkanda umekatika.

Panya nao wahesabiwe. Gari lililokaa wiki mbili chini ya mwembe linaweza kuwa limetafunwa nyaya za sindano au za sensa, na kinyesi juu ya injini hukuonyesha upande wa kuanzia.

Baada ya mafuriko

Kwa anayeishi Dar es Salaam, sehemu hii ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, kuna gari litakalozimika ndani ya maji, na dereva wake atapiga stata kwa hofu. Asifanye hivyo. Ikiwa maji yameingia kwenye bomba la hewa na kufika kwenye silinda, pistoni itajaribu kuyabana, na maji hayabaniki kama hewa; kinachopinda ni koni rodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krankshafti. Gari lisukumwe hadi pakavu, chujio la hewa lifunguliwe, na likikutwa limelowa, plagi zote zitolewe kabla injini haijazungushwa hata mara moja.

Maji ya kuoshea injini kwa presha huleta tatizo dogo zaidi, kwa kuwa hutuama kwenye mashimo ya plagi. Kupuliza kwa hewa ya kompresa na kusubiri jua kidogo kwa kawaida humaliza shauri.

Dizeli na haibridi

Gari la dizeli lililoishiwa mafuta halitawaka kwa kujazwa tu, kwa sababu hewa imeingia kwenye mabomba. Bonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio la mafuta mpaka iwe ngumu, kisha upige stata. Asubuhi za Juni na Julai huko Njombe na Makete, subiri taa ya hita plagi izimike kwanza. Ukiwekewa petroli kimakosa, usiliwashe kabisa, hata kwa kulisogeza.

Haibridi kama Aqua au Prius ina betri ndogo ya volti 12 mbali na ile kubwa. Hiyo ndogo ikifa, gari haliandiki READY, na hubustiwa kwa nyaya kama gari jingine. Ila usiitumie haibridi kubusti wengine, na nyaya nene za rangi ya machungwa usiziguse.

Ikibidi livutwe

Gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba kwa umbali mrefu huku magurudumu yanayoendesha yakizunguka barabarani, kwa sababu injini ikiwa imezimwa, pampu ya mafuta ya gia boksi haifanyi kazi na gia hukauka. IST na Vitz nyingi huendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ama liinuliwe mbele, ama lipakiwe mgongoni mwa gari la kubebea magari. Unapompigia fundi, mwambie sauti uliyoisikia, taa zilifanya nini stata ilipopigwa, volti ulizopima, na jambo la mwisho lililofanywa kwenye gari hilo kabla halijagoma, hata kama ni kuoshwa tu.